Mlangoni kwa Muisa: mapenzi na vita katika riwaya za mizimu

Mhariri wa riwaya za mapenzi ya majini na mizimu huulizwa swali moja kuliko mengine yote: mapenzi yawe kiasi gani, na mapambano yawe kiasi gani? Mwandishi anataka apewe kipimo. Nusu kwa nusu? Theluthi mbili mapenzi, theluthi moja hekaheka? Anayeuliza hivyo mara nyingi ana mswada mkononi, na mswada huo una tatizo lile lile. Sura nne za mwanzo ni uchumba wa kijana na mwanamke ambaye si binadamu wa kawaida. Sura ya tano risasi zinaanza kulia, na tangu hapo penzi linawekwa kando hadi ukurasa wa mwisho, wapenzi wanapokumbatiana katikati ya maiti za maadui. Jalada ni moja, riwaya ni mbili, na hakuna hata moja iliyokamilika.

Mimi sijibu kwa kurasa. Humwambia mwandishi asome kisa kilichotoka Walikale, mashariki mwa Kongo.

Ukitoka Rubaya, kwenye milima ya Masisi yenye malisho na mashimo ya koltani, ukaelekea magharibi, unaingia msitu wa Walikale, nchi ya Wanyanga. Huko, katika kijiji cha Bese, mwaka 1956, mghani Candi Rureke alisimulia utendi wa Mwindo kwa siku 12, akiimba, akicheza na kuigiza. Mtafiti Mbelgiji Daniel Biebuyck na wenzake waliyaandika maneno yake, na mwaka 1969 yeye na Kahombo Mateene, mwanaisimu aliye Mnyanga mwenyewe, wakayachapisha kupitia University of California Press. Wasomi wengi wamekisoma kitabu hicho kama utendi wa shujaa. Mimi nakipendekeza kwa waandishi wa riwaya za mapenzi, na nina sababu.

Kwa kifupi, Shemwindo, mtemi wa Tubondo, ametangaza kwamba wake zake saba wazae watoto wa kike tu. Mke kipenzi anazaa wa kiume. Mtoto huyo, Mwindo, anazaliwa akitembea na kuzungumza, mkononi ana usinga wenye nguvu. Baba anajaribu kumuua kwa mikuki, anamzika, kisha anamfungia ndani ya ngoma na kumtupa mtoni. Mwindo anaokoka, anakwenda kwa shangazi yake Iyangura, anarudi na jeshi la wajomba zake, na baba anakimbilia kuzimu. Mwana anamfuata huko huko.

Hapo ndipo pa kusoma polepole. Kwenye lango la makazi ya Muisa, mmoja wa wakubwa wa kuzimu, Mwindo anamkuta binti wa Muisa aitwaye Kahindo. Binti huyo ameoza kwa buba. Vidonda vimemjaa mwili, magamba yake yanatia kichefuchefu. Shujaa ambaye ameacha vita nyuma yake na ana vita mbele yake, mwenye haraka ya kumkamata baba yake, anasimama. Anamwosha vidonda vile kwa mikono yake na kumponya. Hapajatamkwa neno la mahaba. Lakini Kahindo, baada ya kuponywa, anamwambia siri za nyumbani kwao: baba yangu akikusalimu mjibu hivi, akikukaribisha kiti usikikalie, akikupa pombe usinywe. Mwindo anaingia kwa Muisa akiwa amejifunga silaha ambayo hakuna mhunzi angeweza kumfulia.

Kisha utendi unasonga. Kahindo anajipamba, anapika, anampelekea mgeni chakula. Muisa anaona. Anatambua kwamba binti yake ameshavutwa na kijana yule, na kwa sababu hiyo hasa anaamua kumpa mitihani ya kumuua: afyeke, apande na avune shamba la migomba kwa siku moja, kisha akapakue asali. Mwindo akiwa kazini, Muisa anautuma mshipi wake wa uchawi uende ukampige hadi azimie.

Tazama mnyororo huo ulivyofungwa. Huruma inazaa siri. Siri inamwezesha kuingia, na kule kuingia kunazaa mapenzi. Mapenzi yanaamsha wivu wa baba, wivu unaleta vita. Ukikata tukio la Kahindo, Mwindo atanaswa kwenye salamu ya kwanza na pambano na Muisa halitakuwepo. Ukikata pambano, wema wa Kahindo utakuwa umetolewa bure. Pima sasa kwa kurasa: mambo ya Kahindo ni sehemu ndogo sana ya utendi ule. Hata hivyo msomaji hamsahau, kwa kuwa kila kinachofuata kimepitia mikononi mwake.

Hilo ndilo ninalotaka waandishi wetu walione. Usawa wa mapenzi na vita hauko kwenye wingi wa maneno. Uko kwenye kutegemeana. Kila pambano lilipishe penzi gharama fulani, na kila mkutano wa wapenzi ubadilishe namna pambano lijalo litakavyopiganwa. Mwandishi akimaliza sura ya mapenzi na kugundua kwamba vita vya sura inayofuata vingeendelea vile vile hata kama wapenzi wale hawakuonana, sura ile bado haijaandikwa.

Utendi huo huo una somo la pili, na linatoka kwa shangazi Iyangura. Yeye ameolewa na Mukiti, nyoka mkuu anayetawala kina cha maji. Sitazami hilo kama jambo la ajabu tu. Mwanamke wa watu, dada wa mtemi, ametolewa mahari kwa taratibu zote na kwenda kuishi katika himaya ya kiumbe wa majini. Hiyo ni ndoa ya binadamu na mzimu, na wasimulizi wa Kinyanga walikuwa wakiisimulia zamani kabla wachapishaji wa New York hawajaipatia rafu yake kwenye maduka ya vitabu. Mwindo anapofika huko kumtafuta shangazi, mlinzi wa mumewe, Kasiyembe, anamchimbia mashimo na kumtegea nyembe. Mwindo anajibu kwa moto unaoshika nywele za Kasiyembe, na maji yanakauka. Anayesimamisha vita ni Iyangura. Anamsihi mtoto wa kaka yake, na kijana anaurudisha mkono wake nyuma, anamponya adui, maji yanarudi. Mwanamke yule amesimama katikati ya damu yake na ndoa yake, na pambano linafika kilele pale anapofungua mdomo. Waandishi wengi wangemfanya apige kelele pembeni huku wanaume wakimalizana.

Na kuna kamba. Mwindo akishuka kuzimu anamwachia Iyangura ncha ya kamba: ikitikisika, yu hai, ikitulia, amekufa. Mshipi wa Muisa unapomwangusha chini, huku juu Tubondo kamba inanyamaza na shangazi anaanza kuomboleza. Pambano moja, sehemu mbili. Kule kuna kipigo, huku kuna mwanamke ameshika kamba iliyotulia. Sijui mbinu safi kuliko hiyo ya kumfanya msomaji aumie kwa kipigo cha mtu wa kubuni. Mwandishi wa leo anaweza kuweka simu isiyopatikana mahali pa kamba, na kazi itakuwa ile ile.

Lakini utendi wa Mwindo si riwaya ya mapenzi, na nisiupambe zaidi ya ulivyo. Baada ya Mwindo kumshinda Muisa, kumuua na kumfufua, mzee yule anamwambia amwoe Kahindo. Mwindo anakataa: ataoa kwao, Tubondo. Anaendelea na safari ya kumsaka baba yake, na Kahindo anabaki. Kwa utendi hilo halina kasoro. Utendi unazungumzia utawala, baba na mwana, mtemi anayejifunza kutawala bila majivuno. Kwa riwaya ya mapenzi, hapo pangekuwa mahali pa kitabu kuvunjika. Msomaji wa mapenzi amemwona yule binti akiponywa, akijipamba, akimsaliti baba yake kwa ajili ya mgeni. Anadai malipo. Si lazima yawe harusi. Yanaweza kuwa kifo, au talaka, au miaka ya kungojana. Lakini ni lazima yatokee mbele ya macho yake. Hii ndiyo tofauti ya kweli baina ya riwaya ya vita yenye mapenzi ndani yake na riwaya ya mapenzi yenye vita ndani yake: angalia ni deni lipi mwandishi hathubutu kuliacha bila kulipwa.

Kinachoziunganisha nyuzi mbili hizi kwa urahisi zaidi katika simulizi zetu ni mwiko. Chukua mamba muntu, yule mwanamke nusu samaki ambaye wachoraji wa Kongo walimchora kwa wingi, hasa Lubumbashi miaka ya 1960 na 1970, picha zake zikatundikwa kwenye sebule za watu wa kawaida. Kisa chake kila Mkongomani amekisikia. Mwanamume anaokota kitu chake, kitana au nywele zake. Mwanamke yule anamjia ndotoni. Anampa mali, kwa sharti: usimwambie mtu, wala usiwe na mwanamke mwingine. Sharti hilo limebeba riwaya nzima. Ni ahadi ya mapenzi na hapo hapo ni hatari, maana kulivunja ni kufilisika au kufa. Mwandishi hana haja ya kutafuta adui kutoka mbali. Adui anaweza kuwa mama mzazi anayemwuliza mwanawe kwa upendo tu: mwanangu, pesa hizi unazitoa wapi?

Pwani nako wana jini mahaba, anayempenda binadamu kwa wivu hata akamzuilia kuoa au kuolewa. Huko penzi lenyewe ndilo vita, na uwanja wa mapambano ni ngoma ya mganga. Na Shaaban Robert, katika Adili na Nduguze cha mwaka 1952, alilitumia sharti la jini kwa namna ambayo mpaka leo hainitoki. Adili, liwali wa Janibu, kila usiku anawachapa viboko manyani wawili, kisha analia nao. Manyani hao ni ndugu zake walewale waliotaka kumuua, na Huria, jini aliyemwokoa, ndiye aliyewageuza na kuamuru wapigwe. Asipowapiga, atapata adhabu yeye. Kwa hiyo kila kiboko ni tendo la ukatili na hapo hapo kina mapenzi ya ndugu ndani yake. Penzi hilo ni la undugu, si la mahaba, lakini ufundi ni ule ule: mapigo na machozi vimewekwa mkononi mwa mtu mmoja, usiku mmoja. Mwandishi anayejiuliza lini atoke kwenye mapenzi aende kwenye hekaheka akasome ukurasa ule, aone kwamba pengine hahitaji kutoka.

Mwiko una faida nyingine: unaweka mpaka kwenye nguvu za kiumbe. Jini anayeweza kila kitu anaua vita, kwa sababu hakuna asichoweza kukimaliza kwa kupepesa jicho. Na anaua mapenzi pia, kwa sababu anayependwa naye hana la kumpa. Rureke alilijua hilo. Mwindo ana usinga unaofufua wafu, lakini Nkuba, bwana wa radi, anapompandisha mbinguni kumwadhibu kwa kuliua joka Kirimu, ushujaa wake unakoma. Kwa mwaka mzima anapigwa na baridi, mvua na jua, na hana la kufanya. Kahindo naye, binti wa mungu wa kuzimu, hampigi baba yake hata kofi. Nguvu yake ni kuijua nyumba ya baba yake. Ningependa kuona majini wengi zaidi wa aina hiyo kwenye riwaya zetu: wanaojua mambo, wanaoogopa mambo, wenye wazazi.

Huko nje tatizo hili lina historia yake. Laurell K. Hamilton, Mmarekani, alianza mfululizo wa Anita Blake mwaka 1993 na Guilty Pleasures. Huyo Anita ni mwanamke mfufua wafu na mwindaji wa wanyonya damu, na vitabu vya mwanzo ni upelelezi na mapambano hasa. Kufikia kitabu cha 10, Narcissus in Chains cha mwaka 2001, faragha ilikuwa imeimeza kazi ya upelelezi, na wasomaji wa mwanzo wengi walilalamika wazi. Stephenie Meyer alielekea upande wa pili. Katika Twilight, kilichotoka mwaka 2005, mwindaji anayetaka kumuua Bella, msichana wa kisa hicho, hatokei mpaka zaidi ya nusu ya kitabu imepita. Wengi huliita hilo kosa. Mimi sikubaliani nao moja kwa moja. Bella anapoanza kuwindwa, tumeshajua kwamba mpenzi wake mwenyewe, mnyonya damu, anaitamani damu yake na anajizuia kila wanapokaribiana. Hatari ilikuwepo tangu siku ya kwanza, ndani ya penzi. Kilichochelewa ni mbio tu.

Sasa turudi Rubaya, kwa sababu kuna jambo ambalo mwandishi wa Marekani hana haja ya kulifikiria na wa Masisi hawezi kulikwepa. Mji huu uko kwenye milima ambayo, kwa makadirio yanayotajwa na Umoja wa Mataifa, hutoa takriban asilimia 15 ya koltani ya dunia. Mwishoni mwa Aprili 2024 ulitekwa na waasi wa M23. Kabla ya hapo vikundi vingine vilikwishapita, na watu wa vijiji vya jirani walikuwa wamekimbia zaidi ya mara moja na magodoro kichwani, kuelekea Sake, kuelekea Goma. Msomaji wa huku anajua mlio wa silaha nzito ulivyo mbali na ulivyo karibu. Anajua kwamba risasi zikianza kulia mtu hatoi hotuba, anahesabu watoto. Ukimwandikia kurasa kumi za bunduki kwa ajili ya burudani, hatasisimka. Atakifunga kitabu, au atakisoma kwa hasira ya mtu anayeona jirani anasimulia vibaya msiba wake.

Kwa hiyo pambano katika riwaya ya huku linatakiwa kuwa fupi na la kweli. Fupi, kwa kuwa msomaji hana haja ya kuelezwa vita ni nini. La kweli, kwa kuwa atalikamata kosa. Nguvu zote ziende kwenye kile ambacho watu wa pambano lile wanataka kukiokoa.

Tuchukue kisa cha kubuni tukifanyie kazi. Bahati ni mchimbaji juu ya mlima, mwanamke wa maji tumwite Nyota. Koltani ikishatoka shimoni lazima ioshwe, na kuosha kunataka maji. Kiangazi maji ya kuoshea yamepungua. Nyota anaishi kwenye chemchemi ambayo Bahati peke yake anaijua, na sharti lake ni moja: usiwaonyeshe watu hapa. Bahati huenda kila jioni. Hilo ndilo penzi lao, kukaa ukingoni na kuzungumza, yeye akimsimulia juu ya mdogo wake ambaye anataka aache kubeba mifuko ya mchanga arudi shule. Sijaleta vita bado, lakini maji tayari ni mahali pa wapenzi na ni mali inayotafutwa na kila mwenye shimo.

Mwandishi mwenye haraka angeandika hivi: wenye silaha wanauvamia mlima, Bahati anapigana nao, anaelekea kushindwa, Nyota anatoka majini na kuwagharikisha wote. Kelele nyingi, na hakuna lililobadilika kati ya wawili hao. Jaribu njia nyingine. Wenye silaha wamemshika mdogo wake Bahati.

— Maji iko wapi?

— Sijue.

— Unajua. Kila mangaribi unarudiaka na manguo ya kuloana.

Bahati anamtazama mdogo wake. Mtoto anatikisa kichwa: usiseme. Maana yule mtoto naye alishajua, siku zote, na hakuuliza.

Hapo hapajapigwa mtu, lakini vita vimefika. Akisema, amempoteza Nyota na ameiuza chemchemi. Asiposema, mdogo wake anakufa. Na kile kilichomfikisha hapa, nguo zake zilizolowa, ndicho kile kile kilichokuwa furaha yake kwenye sura zilizotangulia. Sasa mwandishi anaweza kuandika mapigano ya nusu ukurasa na yatatosha, kwa sababu kila pigo lina mwenyewe. Na chochote atakachochagua Bahati, jioni akienda ukingoni, mazungumzo hayawezi tena kuwa kama ya jana. Hiyo ndiyo sura ya mapenzi inayofuata, na imejiandika yenyewe.

Kuhusu lugha, nitasema kidogo tu. Kwenye mapambano, vitenzi vitembee na vivumishi vipungue. Kwenye mapenzi, wengi hufanya kinyume kwa kupita kiasi: wanamwaga mwezi, asali na waridi hadi mtu anapotea. Ajabu za kiumbe zisemwe kwa sauti ile ile ya mambo ya kawaida. Rureke anaposimulia mtoto aliyezaliwa akitembea hasimami kushangaa. Na mazungumzo ya watu wa Masisi yaachwe yawe ya Masisi. Kiswahili cha darasani kinywani mwa mchimbaji aliyetoka shimoni kinamfanya mtu wa damu awe mgeni kuliko jini.

Lipo jambo ambalo ninalikataa kabisa kwenye meza yangu. Katika riwaya nyingi za aina hii duniani, kiumbe mwenye nguvu anamteka mwanamke, anamfungia, na mateka polepole anampenda mtekaji. Vita na mapenzi vimechanganywa kwa njia rahisi kuliko zote. Kivu, eneo letu hili, ina wanawake wengi waliotekwa na wenye silaha na kutendewa yale ambayo Dk. Denis Mukwege amekuwa akiyatibu miaka mingi katika Hospitali ya Panzi, Bukavu, hata akapewa Nobel ya Amani mwaka 2018. Mwandishi wa hapa akiufanya utekaji kuwa uchumba, anawaambia wanawake hao kwamba kilichowapata kilikuwa mwanzo wa mapenzi. Hakuna ufundi wa sentensi unaoweza kuliokoa tukio hilo. Kiumbe awe wa kuzimu, awe wa maji, aombe. Mukiti, nyoka mkubwa wa vilindi, alikwenda kwa Shemwindo kuposa na akatoa mahari. Kama msimulizi wa msituni aliweza kumfanya nyoka apose, mwandishi wa leo hana kisingizio.

Limebaki suala la mwisho wa kitabu, ambako usawa huu huvunjika mara nyingi hata kwa waandishi wazuri. Hekaheka inapenda kumalizika kwa kishindo: adui ameanguka, tamati. Mapenzi hayamaliziki hapo. Watu waliopita kwenye moto pamoja wana maswali ya kuulizana. Ulisema maji yako wapi? Ulinificha nini? Tutakaaje? Utendi wa Mwindo unalipa jambo hili nafasi kubwa kuliko riwaya nyingi za sasa. Akisha kumkamata baba yake, Mwindo anarudi naye Tubondo, anawafufua waliokufa vitani, na kisha watu wote wanaitwa barazani. Shemwindo anaungama hadharani yale aliyomtendea mwanawe. Iyangura anasimama na kumkemea kaka yake mbele ya watu kwa kuwabagua watoto. Nchi inagawanywa. Hapana mkuki unaorushwa katika sehemu hiyo, na bila hiyo vita vyote vya nyuma vingekuwa kelele.

Ndiyo maana kila mswada unaonifikia ukiwa umekwisha na risasi ya mwisho huurudisha na ombi moja: sura mbili zaidi. Ya kwanza, wapenzi wakae mahali na waambiane ukweli kuhusu kila walichofanya wakati wa mapambano, pamoja na kile ambacho msomaji anakijua na mmoja wao hakijui. Ya pili, watu wa kijiji waamue watamfanyaje huyu mwanamke wa maji ambaye sasa kila mtu anajua anapoishi, huku kiangazi kikiwa bado hakijaisha na mifuko ya mchanga ikingoja kuoshwa.